"A number of" na kanuni iliyotudanganya

Leo nataka kukosoa kanuni moja ya Kiingereza ambayo wengi wetu tuliipata ku sekondari, tukaibeba mpaka ku universite bila kuiuliza swali: "Kitenzi kinafuata jina la kwanza. Jina la nyuma ya 'of' usiliangalie."

Naikosoa sababu ilinifanya niharibie mwenzangu kazi. Mdogo wetu mmoja wa agronomia aliniletea muhtasari wa memwari yake. Aliandika: "A number of plants were infected." Mimi, mwenye lisansi, nikafuta "were" nikaweka "was", sababu "number" iko moja tu. Karatasi ikarudi na kalamu nyekundu juu ya neno langu, si juu ya lake.

Kosa liko wapi? "A number of plants" maana yake ni mimea kadhaa. Iliyougua ni mimea, kwa hiyo kitenzi kinakuwa cha wingi. Lakini "the number of plants" ni hesabu yenyewe: "The number of infected plants was 40." Kanuni yetu inafaulu kwa sentensi hii, inaanguka kwa ile ya kwanza.

Kwa asilimia, njo inaanguka kabisa. "Thirty percent of the field was weeded", lakini "thirty percent of the plants were dead". Asilimia ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la nyuma ya "of", lile tuliloambiwa tusiangalie! Na kwa vipimo: "Fifty kilos of fertilizer is enough." Neno "kilos" ni la wingi, lakini kitenzi ni cha umoja, sababu kilo 50 zinachukuliwa kama kiasi kimoja.

Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, wanaeleza kwamba upatanisho unafuata mambo matatu: umbo la neno, maana, na ujirani wa jina lililo karibu na kitenzi. Sisi tulipewa la kwanza tu, tukaambiwa njo yote.

Siwalaumu sana walimu. Kanuni fupi inasaidia darasa lililojaa, na kwa "a box of seeds is" inatosha. Kinachoniuma ni kwamba hatukuhitaji kwenda mbali. Kifaransa chetu kinasema "un grand nombre de plants sont", lakini "le nombre de plants est". Hata kwa Kiswahili tunasema "idadi ya wakulima imeongezeka", lakini "asilimia 60 ya wakulima wanalima muhogo". Hapo mdomo unakwenda wenyewe kwa watu.

Basi, mbele ya kuandika kitenzi, jiulize: ninasema juu ya vitu, ao juu ya hesabu yao? Mdogo wetu nilimuomba musamaha. Alikuwa amejiuliza swali hilo. Mimi nilikuwa na kanuni tu.