Dalili Mbili, Si Moja: Namna Zahanati Inavyomtambua Mtoto Aliyepungukiwa na Maji

Hospitali kubwa ikitaka kujua mwili umepoteza maji kiasi gani, huchukua damu ikapima chumvi zake na kazi ya figo. Zahanati ya kijijini haina mashine hizo, na hata ingekuwa nazo, majibu yangechelewa. Mtoto anaharisha tangu juzi, mama amempakata kwenye benchi, na nyuma yake foleni imefika mlangoni. Mganga ana macho yake, vidole viwili na kikombe cha maji. Kwa vitu hivyo, ndani ya dakika chache, inabidi aamue: mtoto arudi nyumbani na ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa), abaki hapa hapa anyweshwe, au atundikiwe dripu sasa hivi.

Uamuzi huo unafanywa kwa jedwali la dalili nne, lililomo katika mwongozo wa kutibu watoto ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF miaka ya 1990 na kutumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi. Ni jedwali fupi mno. Lakini limeundwa kwa hesabu, na nguvu yake kubwa iko katika sharti moja: dalili moja haitoshi, lazima zipatikane mbili.

Kinachotafutwa ni uzito

Kipimo cha kweli cha maji yaliyopotea ni mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo watafiti wanaotaka kuhakiki dalili hizi humpima mtoto anapofika, wakampima tena akishapona. Tofauti ya uzito ndiyo maji aliyokuwa amepungukiwa. Tatizo ni kwamba jibu hilo hupatikana matibabu yakiwa yamekwisha. Kadi ya kliniki nayo haisaidii sana, kwani uzito ulioandikwa humo ni wa mwezi uliopita, na tangu hapo mtoto amekua au amekonda.

Dalili basi ni njia ya kukisia uzito ambao hatukuupima. Jedwali linagawa watoto mafungu matatu. Aliyepoteza chini ya asilimia 5 ya uzito wake kwa kawaida haonyeshi dalili za kutosha. Aliyepoteza kati ya asilimia 5 na 10 ana upungufu wa wastani. Aliyevuka asilimia 10 yuko hatarini kufa. Chukua mtoto wa kilo 10. Akipoteza chini ya mililita 500, anaonekana kama kawaida. Akipoteza zaidi ya lita moja, damu haimtoshi tena kuzunguka mwilini. Kati ya mtoto wa kurudi nyumbani na mtoto wa dripu kuna nusu lita tu, na kuharisha sana kunaweza kuimaliza kwa saa chache.

Dalili nne, moja baada ya nyingine

Ya kwanza ni hali ya mtoto. Aliyepungukiwa maji kwa wastani hatulii, analialia na kukasirika kila anaposhikwa. Aliyepungukiwa sana amelegea, anasinzia, haamki vizuri au amepoteza fahamu. Mpangilio huu unawapotosha wengi, kwa sababu mtoto msumbufu anapotulia ghafla bila kutibiwa, ndugu hufurahi kwamba amepata nafuu. Ubongo wake ndio umeanza kukosa damu.

Ya pili ni macho. Maji yanapopungua kwenye nyama laini zilizo nyuma ya jicho, jicho linaingia ndani. Hapa mwongozo unamtaka mganga amuulize mama kama macho hayo yako tofauti na siku zote, maana wapo watoto waliozaliwa na macho ya ndani, na mganga hajawahi kumwona huyu kabla ya leo.

Ya tatu ni kiu, nayo haiulizwi, inajaribiwa. Mtoto anapewa maji kwa kikombe au kijiko. Akiyapokea kwa pupa, akikishika kikombe na kulia kinapoondolewa, ana kiu ya upungufu wa wastani. Akishindwa kunywa, au akinywa kidogo sana kwa udhaifu, amekwenda mbali zaidi. Kiu huja damu inapozidi kuwa nzito kwa chumvi, lakini kunywa kunahitaji fahamu na nguvu, na vyote viwili vinaisha kadiri upungufu unavyozidi. Ndiyo maana mtoto anayekataa maji anaweza kuwa katika hali mbaya kuliko anayeyalilia.

Ya nne ni kufinya ngozi ya tumbo, na hapa ndipo makosa ya mikono hutokea. Mtoto analazwa chali, mikono ubavuni, miguu imenyooka. Sehemu ya kufinya ni katikati ya kitovu na ubavu. Ngozi inashikwa kwa kidole gumba na upande wa kidole cha shahada, si kwa ncha za vidole, kwani ncha humuumiza mtoto naye akakaza tumbo. Mkunjo unafuata urefu wa mwili, kutoka juu kwenda chini, haukati tumbo kwa upana. Ngozi inainuliwa yote pamoja na nyama laini iliyo chini yake, inashikwa kwa sekunde moja, kisha inaachiwa. Ikirudi papo hapo, sawa. Ikibaki imesimama hata kwa muda mfupi, inarudi taratibu. Ikizidi sekunde mbili, inarudi taratibu sana. Ngozi hurudi kwa sababu ina nyuzi zinazovutika na maji yanayoijaza. Maji yakipungua, mkunjo unachelewa kufunguka.

Kwa nini mbili

Kila dalili hapo juu inaweza kutokea kwa sababu nyingine. Mtoto mwenye njaa hatulii. Mtoto mwenye homa kali ana kiu. Mwenye malaria kali au homa ya uti wa mgongo amelegea na haamki. Mtoto aliyekonda ana macho ya ndani na ngozi inayorudi taratibu hata asipoharisha. Mganga akiamua kwa dalili moja, atawatundikia dripu watoto wengi wasioihitaji, na baadhi wataumizwa na maji hayo.

Jedwali linaichukulia kila dalili kama shahidi anayeweza kukosea, likataka wa pili. Sababu zinazozaa kiu ya uongo si zile zinazozaa ngozi ya uongo, hivyo ni nadra zaidi zote mbili kukosea kwa mtoto mmoja. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2004 ulifikia hitimisho hilo hilo: hata dalili zilizofanya vizuri zaidi, kama ngozi inayochelewa kurudi, zilikuwa na udhaifu zikisimama peke yake, na mkusanyiko wa dalili ulitabiri vizuri zaidi.

Yaliyoachwa nje yanaeleza mengi pia. Matoleo ya awali ya jedwali yalikuwa na machozi na ukavu wa mdomo. Toleo la mwaka 2005 la mwongozo wa kuharisha la Shirika la Afya Duniani lilibakiza dalili nne tu. Mdomo hukauka kwa mtoto anayepumulia mdomoni, na hulowa kwa aliyemeza maji muda huo. Machozi yanahitaji mtoto alie. Utosi uliobonyea hauna maana kwa mtoto ambaye utosi wake umeshafunga. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili mwongozo unaiondoa hata kiu, kwa kuwa kwa umri huo ni vigumu kutofautisha kiu na hamu ya kunyonya. Dalili inayomchanganya mtumishi mwenye foleni inamgharimu zaidi ya inavyomsaidia.

Kutoka dalili hadi mililita

Jedwali haliishii kwenye jina la hali ya mtoto. Kila fungu limefungwa kwenye kiasi cha maji. Asiye na dalili za kutosha anatibiwa nyumbani: chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100 za ORS kila baada ya choo cha majimaji, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa. Mwenye upungufu wa wastani anabaki kituoni apewe mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa nne. Mtoto wetu wa kilo 10 atahitaji mililita 750, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili, na mama ndiye anayenywesha. Akitapika, wanasubiri dakika 10 kisha wanaendelea polepole. Kunyonya hakukatizwi.

Mwenye upungufu mkubwa anapewa dripu ya mililita 100 kwa kila kilo: kwa aliye chini ya mwaka mmoja, 30 za mwanzo kwa saa moja na 70 zilizobaki kwa saa tano, kwa aliyevuka mwaka, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu. Pasipo na dripu ya karibu, mpira wa puani unafanya kazi hiyo, mililita 20 kwa kila kilo kwa saa, kwa saa sita.

Kisha jedwali linasomwa upya, na mtoto anahamishiwa fungu jipya kulingana na dalili za sasa. Hatua hii hurukwa mara nyingi kituo kikijaa, na kuiruka ni kosa kubwa, kwa sababu kosa la usomaji wa kwanza linasahihishwa hapo. Mtoto aliyeonekana wa wastani kumbe alizidi atabainika baada ya saa nne, ilimradi kuna anayerudi kumtazama.

Mahali ambapo jedwali linakosea

Udhaifu mkubwa ni utapiamlo. Mtoto aliyekonda sana amepoteza mafuta chini ya ngozi, hivyo ngozi inarudi taratibu na macho yameingia, na hapo tayari ana dalili mbili bila kupungukiwa maji. Mwenye kwashakoo ni kinyume chake: amevimba, ngozi inarudi haraka, kumbe damu yake imepungua. Mtoto mnene naye anaweza kuficha upungufu kwa namna hiyo hiyo. Kwa wenye utapiamlo mkali, mwongozo unaacha kuyaamini macho na ngozi, unategemea zaidi historia ya kuharisha, na maji hutolewa taratibu kwa mdomo, kwa sababu moyo dhaifu huzidiwa kirahisi. Dripu inabaki kwa mwenye mshtuko tu.

Gharama ya kudhani mtoto anahitaji maji wakati hahitaji ilionekana wazi hapa kwetu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha zaidi ya watoto 3,100 katika hospitali za Uganda, Kilifi nchini Kenya na Muheza nchini Tanzania. Walikuwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri, lakini wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuhusishwa. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa kwa kiwango cha takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, asilimia 7.3. Mikono ya baridi na mapigo dhaifu yalifanana na ya mtoto aliyeishiwa maji, ila chanzo kilikuwa kingine. Ndiyo maana jedwali la dalili nne linafunguliwa tu baada ya mama kusema kwamba mtoto anaharisha. Swali hilo ni sehemu ya kipimo.

Je, kazi yote hii ina faida? Tathmini ya mwongozo huu wa kutibu watoto iliyofanyika Morogoro Vijijini na Rufiji nchini Tanzania, ikilinganishwa na Kilombero na Ulanga, ilichapishwa mwaka 2004. Wilaya zilizotumia mwongozo mzima zilikuwa na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilivyopungua kwa asilimia 13 kuliko nyingine. Takwimu hizo zilikuwa na upana wa kutosha kuacha nafasi ya bahati, na jedwali la maji ni ukurasa mmoja tu wa mwongozo huo. Lililo dhahiri ni kwamba watumishi wa zahanati za kawaida waliweza kuutumia.

Nje ya zahanati

Mtu mzima asilihamishie jedwali hili mwilini mwake kama lilivyo. Ngozi ya mzee imepoteza uvutikaji, itasimama ukiifinya hata akiwa na maji tele, na kiu yake hupungua kwa umri. Kwake angalia mkojo uliopungua na kukolea rangi, kizunguzungu anaposimama, na kuchanganyikiwa kusiko kwa kawaida.

Kwa mtoto, muda mwingi hupotea nyumbani. "Anaota meno tu" ni kauli inayochelewesha safari ya zahanati, na "usimpe maji, atazidi kuharisha" inageuza upungufu mdogo kuwa mkubwa. Mpe maji zaidi tangu choo cha kwanza cha majimaji, na mpeleke kituoni akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, au ukiona damu kwenye choo. Ukifika, sema bila kungoja kuulizwa: anaharisha tangu lini, mara ngapi kwa siku, alikojoa lini mara ya mwisho, na kama macho haya ni ya siku zote. Mganga anayesikiliza majibu hayo, akafinya ngozi, akamtazama mtoto tena baada ya saa nne, amelitumia jedwali kama lilivyokusudiwa. Anayefinya ngozi na kuandika dripu papo hapo ameamua kwa dalili moja.