Shamba Lisiloonekana: Chakula na Kinywaji cha Fizi katika Kumbukumbu za Guevara

1. Utangulizi

Wilaya ya Fizi, katika Kivu ya Kusini, ina mandhari tatu zinazokutana mezani. Chini kuna ufuko wa Ziwa Tanganyika na mji wa Baraka, ambako ndagala huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchana. Katikati kuna mabonde na miteremko ya mihogo, migomba na michikichi. Juu kuna nyanda za malisho ya ng'ombe. Sahani moja ya bugali, sombe iliyoungwa kwa mawese na ndagala wachache yaweza kusomwa kama ramani ya nchi hiyo: unga watoka mteremkoni, mafuta bondeni na samaki ziwani.

Hata hivyo, maandishi mashuhuri yaliyoitangaza nchi hiyo nje hayakuandikwa na wakulima wake. Yaliandikwa na wapita njia. Makala haya yanakihakiki kimojawapo, yaani kitabu cha kumbukumbu cha Ernesto Che Guevara kuhusu vita vya Kongo vya mwaka 1965, kilichochapwa kwa Kihispania mwaka 1999 kwa jina la Pasajes de la guerra revolucionaria: Congo. Wahakiki wengi wamekisoma kama kitabu cha siasa na vita. Hapa kinasomwa kama kitabu cha chakula. Hoja inayotetewa ni kwamba mwandishi anakiona chakula cha Fizi kama posho, kinywaji chake kama uovu, na ardhi yake kama mali. Lakini hakioni chakula kama kazi. Pengo hilo si dogo, kwani ndilo linalolifanya swali kuu la kitabu, yaani kwa nini wakulima hawakuyafuata mapinduzi, lisipate jibu.

2. Urithi wa Burton

Ili kumtendea haki Guevara, ni vyema kumweka karibu na mtangulizi wake. Richard Burton alipita upande huo wa ziwa kwa mtumbwi mwaka 1858, akitoka Ujiji kwenda Uvira pamoja na John Speke. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anawashutumu Wabembe kwa mambo mawili yanayohusu chakula. Kwanza, anadai kwamba wanakula watu pamoja na kila aina ya mizoga na wadudu. Pili, anadai kwamba wameiacha ardhi yenye rutuba kubwa iote mwitu. Shutuma ya kwanza ndiyo iliyopata umaarufu. Shutuma ya pili ndiyo yenye sumu ya kudumu, kwa sababu inasikika kama maelezo ya kilimo.

Mtu anayelitazama shamba kutoka mtumbwini huona pori. Kilimo cha kuhamahama hulipumzisha shamba kwa miaka kadhaa ili lirudishe rutuba, na muhogo hukua pamoja na migomba na magugu bila kujipanga kwa mistari. Kwa jicho lililozoea mashamba ya Uingereza, yote hayo ni uvivu. Hivyo basi, katika maandishi ya Burton mlaji wa Fizi anaonekana wazi, ila mkulima wa Fizi hayupo. Swali la uhakiki ni hili: je, mwanamapinduzi aliyefika miaka zaidi ya mia moja baadaye, akiwa na nia iliyo kinyume kabisa, alimwona?

3. Bukali: chakula kama posho

Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba Aprili 24, 1965. Alipewa jina la Tatu, kwa hesabu ya Kiswahili, akaanza kujifunza lugha hiyo kambini. Ni jambo la kusifiwa kwamba maneno ya wenyeji hayakutafsiriwa yakapotea, bali yamebaki katika matini yake: dawa, pombe, bukali. Neno la mwisho analieleza kuwa ni unga wa muhogo uliosongwa kwa maji ya moto. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini ni maelezo ya mlaji, na katika usimulizi mzima chakula hiki huingia pale kinapopungua, kinapochelewa au kinapokosa chumvi. Kinaingia kama posho ya askari.

Kinachokosekana ni safari ya bukali kabla ya kufika kambini. Muhogo mchungu hauliwi siku unapong'olewa. Huna budi kulowekwa kwa siku kadhaa mpaka ulainike na kupoteza sumu yake, kisha ukaanikwa, ukatwangwa, ukachekechwa. Kazi hiyo, pamoja na kuteka maji na kutafuta kuni, kwa kawaida ni ya wanawake. Askari anayedai chakula jioni hii anadai kazi iliyoanza wiki iliyopita. Aidha, muhogo waweza kukaa ardhini hata mwaka mmoja na nusu au zaidi baada ya kupandwa. Shamba ni ghala. Anayeng'oa mihogo michanga anakula chakula cha mwaka ujao, na akiyatupa mashina anateketeza na mbegu, kwani muhogo hupandwa kwa vipande vya shina.

Katika kitabu chote, hakuna mwanamke mkulima anayepewa jina na sauti kama wanavyopewa makamanda. Mchi unatwanga, lakini mtwangaji hasikiki. Hili si kosa la Guevara peke yake, kwa kuwa kumbukumbu za vita kwa desturi husimuliwa na wanaolishwa. Hata hivyo, mwandishi huyu alikwenda Fizi akiamini kwamba mkulima ndiye mhusika mkuu wa historia. Mhusika mkuu akikosekana jukwaani, mhakiki ana haki ya kuuliza alikuwa wapi. Jibu ni kwamba alikuwa mtoni akiloweka mihogo.

4. Pombe: jina la jumla na jambo moja

Neno pombe linafunua zaidi. Guevara analitumia hasa kwa kinywaji kikali kilichokenekwa kutokana na mahindi na muhogo, akakilaumu kwa kuvuruga nidhamu ya kambi. Kwa wasemaji wa Kiswahili, hata hivyo, pombe ni jina la jumla la kila kileo. Kile kilichokenekwa kina majina yake: lotoko na kanyanga upande wa Kongo, gongo Tanzania, chang'aa Kenya, waragi Uganda. Pombe ya ndizi huitwa kasiksi katika Kivu. Kila jina lina mahali pake, saa yake na watu wake.

Jina la jumla linapofungwa kwa kinywaji kimoja, sehemu kubwa ya utamaduni inaanguka nje ya matini. Katika jamii nyingi za Maziwa Makuu pombe ya ndizi au ya nafaka ilikuwa malipo ya kazi ya ujima: mwenye shamba aliwaita majirani walime, naye akawaandalia mtungi. Ilikuwa sehemu ya posa na mahari, ya matanga na ya upatanisho. Pombe hiyo haikai muda mrefu, kwa hiyo hunywewa pamoja na kumalizwa pamoja. Kileo kilichokenekwa ni kinyume chake: chaweza kuwekwa chupani, kubebwa, kuuzwa na kunywewa na mtu mmoja gizani. Kwa hiyo kinywaji alichokiona Guevara kambini kilikuwa kinywaji cha kambi, yaani cha vijana waliotengwa na mashamba yao na wazee wao. Aliiona dalili ya utamaduni uliovunjwa na vita, akaisoma kama utamaduni wenyewe.

Kosa hilo laweza kufananishwa na namna anavyosimulia askari waliokataa kubeba magunia ya chakula kutoka ufukoni hadi mlimani, wakisema kwamba wao si magari. Mwandishi anaona utovu wa nidhamu, na kwa kiasi fulani ana haki. Lakini jibu hilo lina historia. Babu na baba za vijana hao walikuwa wameishi chini ya upagazi wa lazima, na chini ya sheria ya mwaka 1917 iliyowalazimisha wakulima wa Kongo ya Ubelgiji kulima mazao yaliyoamuliwa na serikali, pamba likiwa mojawapo. Kwao, kubeba mzigo wa mwingine kwa amri ya mgeni lilikuwa jambo lenye kumbukumbu chungu.

5. Ng'ombe wa Nganja

Kuna mahali ambapo kitabu kinafumbua macho. Guevara anapofika Nganja, kwenye malisho ya wafugaji wenye asili ya Rwanda, anatambua kwamba ng'ombe si nyama tu. Anaona kuwa ni mali, ni heshima na ni mahari. Hapo mwandishi anaacha kuhesabu posho na kuanza kusoma uhusiano wa watu kupitia kile wanachokilisha na kukila.

Kwa nini aliweza kuliona hilo kwa ng'ombe asilione kwa muhogo? Sababu moja yaweza kuwa kwamba utajiri wa ng'ombe unahesabika kwa macho, ni wa wanaume na una mwenyewe anayejulikana. Muhogo umefichwa ardhini, ni wa wanawake na hauna sherehe. Mgawanyo huo wa macho haukuishia kwa Guevara. Katika milima ya Fizi, hasa tangu mwaka 2017, mapigano yameteketeza vijiji na mashamba na kuporesha maelfu ya ng'ombe, na wakulima na wafugaji wamejikuta pande mbili. Maelezo yanayothamini hasara ya upande mmoja tu, iwe zizi au shamba, huingia katika vita hata kama mwandishi hakukusudia. Kusoma vyema chakula cha Fizi ni kuyahesabu yote mawili.

6. Swali la ardhi

Katika tamati, aliyoiandika Dar es Salaam baada ya kuondoka Kongo Novemba 1965, Guevara anatafuta sababu za kushindwa. Huu ndio upeo wa kitabu kwa unyofu. Analiita jeshi alilokuja kulisaidia kuwa ni kupe: halifanyi kazi, halijifunzi, halipigani, na bado linadai chakula na jasho la wananchi. Ni nadra kiongozi wa vita kuandika hivyo. Burton hakuwahi kujishtaki kwa kula cha wenyewe.

Kisha anauliza mkulima angefaidika na nini. Anaona kwamba ardhi ni tele, haina mabwanyenye wa kuigawa, na kwa hiyo wito wa kugawana ardhi hauna maana hapo. Uchunguzi huo ni makini. Hata hivyo, unaishia mlangoni. Kama mkulima hakukosa ardhi, alikosa nini? Kwa ushahidi wa kitabu chenyewe, alikosa usalama wa kuvuna alichopanda. Alihitaji msimu mmoja mzima bila mtu mwenye bunduki kuingia shambani. Mwishoni mwa Septemba 1965 majeshi ya serikali na mamluki wa Mike Hoare yaliishambulia Baraka, na Fizi ikatekwa Oktoba. Kwa mwenye shamba, waliokuja na waliokimbia wote walipitia kwenye mihogo ile ile.

Hapa ndipo chakula kinapogeuka kuwa hoja ya kisiasa. Jeshi lisilolima haliwezi kumwahidi mkulima mavuno. Guevara alikuwa na kila kipande cha jibu hili mkononi: kupe, bukali, ardhi tele. Hakuviunganisha, kwa sababu kiungo chake ni kazi ya mwanamke shambani, na kazi hiyo haikuwamo katika msamiati wake wa vita.

7. Hitimisho

Thamani ya kitabu hiki kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba maneno yake yanajua zaidi ya msimulizi wake. Bukali na pombe yaliingia katika Kihispania yakiwa yamebeba mitungi, vinu na mashamba ambayo mwandishi hakuyataja, na msomaji anayeijua lugha anaweza kuyafungua tena. Huo ni uhakiki usiowezekana kwa anayekisoma kitabu kupitia lugha za Ulaya pekee.

Haja ya usomaji wa namna hiyo haijapita. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998 viliwavusha watu wengi wa Fizi kwenda upande wa Kigoma, wakaishi kwa mgao katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Walioanza kurudi Baraka kwa meli mwaka 2005 walihitaji vipande vya mashina ya muhogo kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa shamba lililoachwa halina mbegu. Wageni wameandika mara nyingi jinsi watu wa Fizi wanavyokula, wanavyokunywa na wanavyokosa. Bado inasubiriwa kumbukumbu itakayoanza pale bukali inapoanzia: kwa yule anayekata shina, analichomeka ardhini, na kuhesabu miezi akiomba pasipite jeshi.