Barua Pepe Ambazo Hazikufika

Tarehe 31 Januari 2017, karibu saa 5 usiku kwa saa za UTC, mhandisi wa GitLab alikuwa akijaribu kuifufua db2, seva ya akiba ya hifadhidata iliyoachwa nyuma na seva kuu, db1. Amri ya pg_basebackup hutaka saraka ya data iwe tupu, nayo ilikwama bila kutoa ujumbe wowote. Akidhani kuna mabaki, alipiga rm -rf. Kumbe alikuwa ndani ya db1. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili na kuikatisha. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilibaki 4.5.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye kosa la mkono. Kwangu mimi, uzembe wenyewe ulianza kitambo kabla ya usiku ule.

Nakala rudufu za kila siku zilitakiwa ziwe Amazon S3. Ghala lilikutwa tupu. Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL 9.6, lakini pg_dump iliyoitwa ilikuwa ya 9.2, na pg_dump hukataa kunakili hifadhidata ya toleo kubwa kuliko lake. Cron ilituma barua pepe kuripoti hitilafu. Kwa kuwa hazikusainiwa kama DMARC inavyotaka, zilikataliwa njiani. Kazi ikafeli bila mtu kujua.

Kilichowaokoa ni nakala ya LVM ambayo mhandisi yuleyule aliichukua saa 6 hivi kabla ya kosa lile, kwa ajili ya majaribio. Kuirudisha kulichukua saa 18 kwa sababu ya diski za polepole. Miradi kama 5,000 na akaunti 700 hivi za watumiaji zilipotea. GitLab walieleza yote hadharani, na kwa hilo wanastahili heshima.

Ili kuepuka kosa kama lile, kubadili rangi ya kidokezo cha amri kwenye seva kuu ni jambo jema, na kutumia mv badala ya rm ni bora zaidi, kwani saraka iliyohamishwa hurudi. Lakini itazame skripti yako ya nakala. Ikiwa imeandikwa pg_dump | gzip, Bash huripoti matokeo ya gzip peke yake: pg_dump inaweza kufa papo hapo, ukabaki na faili la baiti 20, na skripti ikaripoti kwamba mambo ni shwari. Weka set -o pipefail juu ya skripti. Kisha geuza mfumo wa tahadhari: ujumbe wa mafanikio utumwe kwenye mashine nyingine kila siku, na mashine hiyo ipige kengele usipofika.

Leo, kabla hujatoka kazini, chukua nakala ya jana, irudishe kwenye mashine isiyo na kazi, uhesabu safu mlalo za jedwali kubwa kuliko yote.