Mazembe 2010: haikukuwa muujiza

Wandugu, hapa Nyangezi msimu wa TP Mazembe wa 2010 unasimuliwa bado kama muujiza, na kinachokumbukwa ni Kidiaba akirukaruka kwa matako. Mimi nakataa. Mwaka 2009 Mazembe ilienda Kombe la Dunia la vilabu, ikapoteza mechi zote mbili. Mwaka uliofuata ikarudi bila Mputu, aliyekuwa amesimamishwa. Ikapiga Pachuca 1-0, Internacional 2-0, njo ikafika fainali. Inter ikaifunga 3-0, sawa. Lakini wengi walikuwa walewale wa 2009. Sisi wa agronomia tunajua: mkungu wa kwanza ukiwa mdogo, haung'oi mgomba. Timu ya Bukavu ikipoteza mechi tatu, tunalia wote wafukuzwe. Halafu tunangoja muujiza?