Alama 180 za asubuhi, 150 za mchana

Watahiniwa zaidi ya milioni moja hufanya JEE Main, mtihani wa kuwania vyuo vya uhandisi nchini India. Hufanywa kwenye kompyuta, na kwa kuwa haziwezi kuwatosha wote kwa mpigo, mtihani huchukua siku kadhaa, zamu ya asubuhi na ya mchana, kila zamu na maswali yake. Ugumu hauwezi kulingana hata watungaji wajitahidi vipi. Ndiyo maana tangu 2019, mtihani ulipokabidhiwa kwa NTA, wakala wa kitaifa wa mitihani, alama ghafi za zamu tofauti hazishindanishwi moja kwa moja.

Kinachoshindanishwa ni nafasi ya mtahiniwa ndani ya zamu yake. Wanahesabiwa waliopata alama sawa na zake au chini yake, idadi hiyo inagawanywa kwa wote waliofanya zamu ile, kisha inazidishwa kwa 100. Tuseme asubuhi walikuwa 100,000, na 80,000 kati yao wakapata 180 au chini: mwenye 180 anapewa 80. Mchana maswali yakawa magumu, na 80,000 kati ya 100,000 wakaishia 150 au chini: mwenye 150 naye anapewa 80. Wawili hao wako sawa. Matokeo huandikwa kwa desimali 7 ili wachache tu wafungane.

Hesabu hii ni safi, lakini haipimi ugumu wa maswali hata kidogo. Inapima uliokaa nao. Zamu moja ikijaa wanafunzi hodari kuliko nyingine, aliyeangukia humo anaumia bila kosa, na fomula haina njia ya kuliona hilo. Kileleni ni vivyo hivyo: anayeongoza kila zamu hupata 100, awe amepata alama zote 300 au pungufu. Kwa hiyo haki yote imebebwa na jinsi watu wanavyogawiwa zamu. Ugawaji usipokuwa wa bahati nasibu, desimali 7 hazisaidii kitu.

Novemba 2024 vijana waliandamana Prayagraj, wakiipinga tume ya ajira ya jimbo la Uttar Pradesh iliyopanga mchujo wake kwa siku mbili na kusawazisha alama. Walidai siku moja, zamu moja. Tume ilikubali, na mchujo ukafanyika Desemba 22 pekee. Naona walikuwa na hoja, ingawa kwa mtihani wa kompyuta wenye watu milioni dai hilo halitekelezeki. Huko la kudai ni mgawanyo wa alama ghafi wa kila zamu utangazwe, pamoja na utaratibu uliotumika kuwapanga watahiniwa.