"Saketi Wazi" na Swichi ya Kidhibiti Mwendo

Miongoni mwa istilahi za umeme wa magari zinazostahili kupimwa upya ni "saketi wazi" na "saketi iliyofungwa". Zimefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na kwa sura hazina kasoro. Lakini istilahi haipimwi kwa sura. Hupimwa kwa kazi. Na tuzipime basi kwa swichi ya kidhibiti mwendo, yaani chombo kishikiliacho kasi ya gari bila dereva kukanyaga mafuta.

Katika magari mengi swichi iliyo kwenye pedeli ya breki ina jozi mbili za vigusano. Pedeli ikiachwa, jozi ya taa za breki haipitishi umeme, bali ile ya kidhibiti hupitisha. Pedeli ikikanyagwa, mambo hugeuka: taa huwaka, na kidhibiti huachia. Sasa fundi asome hivi: "Pedeli ikiachwa, jozi ya kidhibiti ikiwa wazi, swichi ni mbovu." Kwa Mswahili, njia iliyo wazi hupitika, bomba likifunguliwa maji hutoka, redio ikifungwa hunyamaza. Fundi huyo atapima, ataona umeme unapita, ataitupa swichi nzima na kuibakiza iliyokufa. Kosa hilo si la fundi. Ni la mfasiri.

Lugha yetu ina njia iliyo bora. Saketi ipitishayo umeme na iitwe "iliyoungana". Isiyopitisha tuitofautishe kwa mnyambuliko wa kitenzi: "iliyokatwa", swichi inapokuwa imetimiza kazi yake, na "iliyokatika", waya unapokuwa umeachana kwa hitilafu. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali zote mbili, ilhali Kiswahili hutenganisha kazi na ubovu kwa kiambishi tu. Ama umeme ukipita njia ya mkato isiyo yake, mafundi husema "shoti". Neno hilo limekwisha kukubalika, wala hatuoni haja ya kubuni "saketi fupi".

"Kuzima" nako kutumiwe kwa hadhari. Mwaka 2009 kampuni ya Ford ya Marekani ilitangaza kuyarudisha karakana magari milioni 4.5 zaidi, kwa sababu ya swichi ya kukatisha kidhibiti mwendo. Majimaji ya breki yaliweza kuvujia ndani ya swichi hiyo, nayo ikashika moto hata gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa, kwa kuwa umeme uliifikia wakati wote. Mfasiri wa onyo kama hilo akiandika "zima gari", hajamlinda msomaji. Gari lililozimwa silo lililokatwa umeme.

Tunawaomba watafsiri na walimu wa vyuo vya ufundi wazijaribu istilahi hizi mbele ya fundi mwenye mita mkononi, kabla hazijapigwa chapa.