Ngoma za Vita Ndani ya Sala
Mwaka 1796, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiitishia Austria, Joseph Haydn alitunga Misa ya Wakati wa Vita. Wako wanaoshikilia kwamba muziki wa ibada haupaswi kuchanganywa na mambo ya dunia. Hatuafikiani nao. Katika sehemu ya mwisho, kwaya inapomwomba Mwanakondoo wa Mungu rehema, ngoma zinasikika chini kwa chini, mithili ya vishindo vya jeshi linalokaribia. Kisha tarumbeta zinapaza sauti, na waimbaji sasa wanaidai amani, hawaiombi tena kwa unyonge. Hapo ndipo ulipo ukuu wa kazi hii: Haydn hakuwaficha waumini hofu yao, bali aliitia ndani ya sala. Sanaa inayoyakimbia masaibu ya watu wake haiwezi kuwaombea.